Bajeti za halmashauri England: huduma isiyolazimishwa na sheria ndiyo inayokufa kwanza

Mleta mada

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Kila zinapotajwa habari za halmashauri za England kufilisika, mjadala huishia kwenye kumtafuta mwenye kosa: diwani gani alipitisha mkataba gani, mkurugenzi gani alinyamaza. Maswali hayo yana mahali pake na sitayapuuza, lakini yanafunika jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Bajeti ya halmashauri inapopunguzwa, panga halipiti pale fedha zinapotumika ovyo, wala pale huduma isipohitajika. Linapita pale ambapo sheria haikuweka lazima. Na huduma ambazo sheria haikuzilazimisha ndizo, kwa sehemu kubwa, zinazomzuia mtu asifike kwenye zile za lazima, ambazo gharama yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Nazungumzia England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Tuanzie mwaka 2010. Serikali ya mseto iliyoingia madarakani Mei ya mwaka huo ilichagua kupunguza nakisi ya taifa kwa kubana matumizi zaidi kuliko kwa kuongeza kodi, na ruzuku ya halmashauri ikawa miongoni mwa mafungu yaliyokatwa mapema na kwa kina. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipopiga hesabu mwaka 2018 ilikuta kwamba fedha zitokazo serikali kuu zilikuwa zimepungua kwa asilimia 49.1 kati ya mwaka wa fedha 2010/11 na 2017/18, baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei. Ukiziunganisha na kodi ya halmashauri inayolipwa na wakazi, uwezo wa jumla wa kutumia ulikuwa umeshuka kwa asilimia 28.6. Katika kipindi hicho hicho idadi ya wazee iliongezeka, idadi ya watoto waliochukuliwa na halmashauri kwa ajili ya usalama wao ikapanda, na idadi ya familia zisizo na makazi ikapanda pia.

Sasa tazameni mkato huo uligawanyikaje, kwa sababu hapo ndipo kiini cha hoja yangu. Matumizi ya ustawi wa watu wazima, yaani matunzo ya wazee na watu wenye ulemavu, yalishuka kwa asilimia 3 hivi. Ustawi wa watoto ulipanda kidogo. Barabara na usafiri vilipoteza zaidi ya theluthi moja, utamaduni, ambamo mna maktaba, vilevile, na idara za mipango miji zikapoteza zaidi ya nusu. Hakuna diwani aliyekaa na kuamua kwamba maktaba ni upuuzi. Mzee aliyepimwa na kuonekana anastahili matunzo chini ya sheria ya mwaka 2014 hawezi kuambiwa kwamba fedha zimeisha. Mtoto aliye hatarini analindwa na sheria ya mwaka 1989. Familia iliyofukuzwa kwenye nyumba ina haki zake chini ya sheria ya makazi ya mwaka 1996. Halmashauri inayokataa itashitakiwa na itashindwa. Kilichobaki kukatwa ni kile ambacho ni vigumu kukitetea mahakamani: klabu ya vijana, bustani, ruzuku ya basi la kijijini. Vyoo vya umma havimo kabisa katika orodha ya wajibu wa halmashauri, ndiyo maana miji mingi imevifunga, na anayeumia ni mzee anayeogopa kutoka nyumbani kwa sababu hajui atajisitiri wapi.

Maktaba ziko katikati. Sheria ya mwaka 1964 inaitaka halmashauri itoe huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi, lakini haisemi ukamilifu huo unapimwaje. Kisa cha Northamptonshire kinaonyesha vizuri jinsi maneno hayo yanavyovutwa huku na huku. Halmashauri hiyo ya kaunti ilikuwa imehamia katika makao makuu mapya mwaka 2017, jengo lililogharimu pauni milioni 53, na Februari 2018 mkuu wake wa fedha akatoa taarifa ya kifungu cha 114, ambayo ni tamko rasmi kwamba matumizi yatazidi mapato na kwamba hakuna matumizi mapya yatakayoruhusiwa isipokuwa yale ya lazima kisheria. Jengo likauzwa na halmashauri ikabaki humo kama mpangaji. Mwezi huo huo wa Februari madiwani waliamua kuziondoa maktaba 21 kati ya 36, kwa kuzifunga au kuzikabidhi kwa watu wa kujitolea. Wakazi walikwenda mahakamani, na Agosti 2018 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo, kwa kuwa halmashauri ilitazama fedha zaidi na haikuupima ipasavyo wajibu wake kwa watu wanaozitegemea. Tarehe 1 Aprili 2021 halmashauri yenyewe ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na mbili mpya. Nasisitiza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba wakazi walishinda pale tu palipokuwa na sheria ya kushikilia, hata kama ni sheria yenye maneno mapana. Klabu za vijana zilikuwa na kinga dhaifu zaidi, kwa kuwa sheria inaitaka halmashauri itoe huduma hizo kwa kadiri inavyowezekana tu. Kwa hesabu za shirika la hisani la YMCA, matumizi ya halmashauri za England kwa ajili ya huduma za vijana yamepungua kwa zaidi ya asilimia 70 tangu 2010.

Ushahidi kwamba kinga ni nafuu kuliko tiba upo, na hautoki kwa wanaharakati. Mpango wa Sure Start, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, uliweka chini ya paa moja mkunga, mshauri wa lugha kwa watoto wanaochelewa kusema, michezo ya watoto na ushauri wa ajira kwa wazazi. Ulipofikia kilele, karibu na mwaka 2010, ulikuwa na vituo zaidi ya 3,000. Taasisi ya Utafiti wa Kodi na Fedha, inayojulikana kwa kifupi kama IFS, ilichapisha mwaka 2019 utafiti unaoonyesha kwamba watoto waliokaa karibu na vituo hivyo walilazwa hospitali mara chache zaidi walipokuwa wakubwa, hasa katika maeneo maskini. Mwaka 2024 ikaonyesha kwamba watoto hao walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya umri wa miaka 16. Matokeo ya mtihani huo yanakuja zaidi ya miaka kumi baada ya fedha kutumika. Bajeti ya halmashauri ni ya mwaka mmoja, na uchaguzi wa madiwani ni wa miaka minne. Basi mwaka ambao kituo kinafungwa, vitabu vya hesabu vinaonyesha fedha zimeokolewa na hakuna mstari unaoonyesha hasara, kwa sababu hasara itaandikwa baadaye, katika kitabu kingine, mara nyingi cha hospitali, cha polisi au cha idara ya watoto.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hoja yako imepangwa vizuri, lakini naona umeipa serikali kuu mzigo wote na kuwasamehe madiwani. Woking ni mji mdogo karibu na London, si mahali pa umaskini, na Juni 2023 ulitangaza nakisi ya pauni bilioni 1.2 baada ya kukopa kwa ajili ya kujenga minara na hoteli katikati ya mji. Thurrock ilikopa na kuwekeza mamia ya mamilioni katika mashamba ya umeme wa jua ya kampuni binafsi, ikaangukia kifungu cha 114 Desemba 2022. Croydon ilianzisha kampuni yake ya ujenzi wa nyumba na ikatoa taarifa hiyo zaidi ya mara moja kuanzia 2020. Nottingham ilikuwa na kampuni yake ya umeme na gesi iliyoporomoka mwaka 2020. Birmingham ilitoa taarifa Septemba 2023 kwa sababu ya malimbikizo ya madai ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi za thamani sawa, na kwa sababu ya mfumo wa kompyuta wa hesabu uliotarajiwa kugharimu pauni milioni 19 hivi lakini makadirio yake yakapanda hadi kufikia 100. Ruzuku iliyokatwa haikumlazimisha mtu yeyote kununua hoteli. Mimi nasema kwamba wanaotunza fedha zao vizuri wamesimama, na walioanguka walijiangusha.

Mleta mada

Nashukuru, ndugu yangu, na mifano yako yote ni ya kweli. Sina nia ya kumtetea aliyekopa bila kujua anachonunua. Naomba tu tuitazame kwa mpangilio wa wakati.

Sababu iliyotolewa na nyingi ya halmashauri hizo ilikuwa ile ile: ruzuku inaondoka, basi tutafute mapato mengine. Kuna mfuko wa serikali unaozikopesha halmashauri kwa riba nafuu, na kwa miaka mingi haukuuliza sana fedha zinakwenda kujenga nini. Wakati huo huo serikali iliivunja Tume ya Ukaguzi, chombo kilichokuwa kikisimamia ukaguzi wa hesabu za halmashauri zote. Uamuzi ulitangazwa 2010 na tume ikafungwa Machi 2015. Kazi ikaachiwa makampuni binafsi ya ukaguzi, na ilipofika hesabu za mwaka 2022/23, ni asilimia 1 tu ya taasisi za serikali za mitaa zilizokuwa zimepata maoni ya mkaguzi kwa tarehe iliyopangwa. Halmashauri zilisukumwa kwenda sokoni huku jicho lililokuwa likizitazama limefumbwa. Waliofanya uamuzi mbaya wawajibike, lakini mazingira yaliyowafikisha pale yalitengenezwa.

Kuhusu Birmingham, naomba tuseme kwa uangalifu. Wapishi, wafagiaji na watunza wazee wanawake walinyimwa marupurupu waliyopewa wanaume katika kazi kama za kuzoa taka na kufagia mitaa. Hilo lilikuwa deni halali, lililothibitishwa mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu kabisa ilikubali madai yao yaendelee. Dhuluma ilikuwa ya halmashauri na haikutokana na ruzuku. Ila tazama nani analipa sasa. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 wakazi waliongezewa kodi kwa asilimia 9.99, mwaka uliofuata kwa asilimia 7.49, na mpango wa kupunguza matumizi kwa takriban pauni milioni 300 ndani ya miaka miwili ulihusisha kuondoa kabisa ruzuku za vikundi vya sanaa, kupunguza huduma za vijana na kufifisha taa za barabarani. Mwanamke aliyedhulumiwa mshahara wake jikoni mwa shule huenda ndiye yule yule ambaye maktaba ya mtaani kwake imepunguziwa saa.

Halafu kuna idadi. Tungekuwa na halmashauri tano au sita zilizoanguka, ningekubali kwamba ni suala la tabia. Februari 2025 serikali ilikubali kuzisaidia kwa utaratibu wa dharura halmashauri 30 kwa mwaka mmoja wa fedha. Msaada wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ruhusa ya kukopa au kuuza mali ili kulipia matumizi ya kila siku, jambo ambalo sheria kwa kawaida inalikataza. Halmashauri inauza jengo ili kulipa mishahara, na jengo haliuzwi mara mbili.

Mchangiaji wa pili

Niongeze jambo kutoka upande wa kazi yenyewe. Nilihudumia wazee majumbani kwa miaka kadhaa, nikiajiriwa na kampuni yenye mkataba na halmashauri ambayo sitaitaja. Mleta mada anasema ustawi wa watu wazima ulipungua kwa asilimia 3 tu, na msomaji anaweza kudhani kwamba huduma hiyo ilinusurika. Haikunusurika. Waliohitaji waliongezeka, fedha zikabaki pale pale au zikapungua, na tofauti ikatolewa kwenye dakika.

Ziara moja ilipangiwa dakika 15. Unafungua kisanduku cha ufunguo kilicho pembeni ya mlango, unaingia, unavaa glavu, unasoma daftari kuona mwenzako wa asubuhi aliandika nini. Ndani ya dakika hizo utoe dawa, upashe chakula moto, umsaidie mzee kwenda msalani, uandike kila ulichofanya, na uondoke kabla ya muda wa ziara inayofuata. Muda wa kutembea kutoka nyumba hii hadi ile haukulipwa. Mwaka 2015 taasisi inayotoa miongozo ya afya, NICE, ilielekeza kwamba kwa kawaida ziara isiwe chini ya nusu saa. Kwenye ratiba zetu mwongozo huo haukuonekana. Mzee anayekula polepole unamwachia sahani mezani ukijua kwamba huenda hataimaliza, na wiki kadhaa baadaye unakuta nguo zinampwaya.

Kabla ya hapo wengi wao walikuwa wakienda kwenye kituo cha mchana. Basi dogo liliwapitia asubuhi, walikula chakula cha mchana pamoja, na mtumishi aliyewajua kwa majina aliona mapema kama mguu umevimba au mtu ameanza kuchanganya siku. Kituo kile hakikuwa wajibu wa kisheria kwa sura ile, kikafungwa. Baada ya kufungwa tulikuwa tunawakuta baadhi yao sakafuni. Gari la wagonjwa, kitanda cha hospitali, kisha nyumba ya matunzo kwa sababu hawezi tena kukaa peke yake. Na matunzo hayo, kwa asiye na akiba, yanarudi kulipwa na halmashauri ile ile iliyokifunga kituo. Naomba wanaopanga bajeti wazifuate fedha hizo hadi mwisho wa safari yake.

Mchangiaji wa tatu

Mchango wa hapo juu umenigusa sana, ahsante. Swali langu kwa mleta mada ni dogo. Kama wakazi wanataka huduma, kwa nini halmashauri isipandishe kodi kwa kadiri inavyohitaji, kisha wapiga kura wakaamua wenyewe katika uchaguzi?

Mleta mada

Kwanza nimshukuru mchangiaji wa pili, maana ameeleza kwa dakika 15 kile ambacho asilimia zangu hazikuweza kueleza.

Kuhusu kodi, halmashauri haina uhuru huo. Serikali kuu huweka ukomo wa nyongeza, ambao kwa halmashauri kubwa umekuwa chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka, ikiwemo sehemu iliyotengwa kwa ajili ya matunzo ya watu wazima. Atakayevuka lazima aitishe kura ya maoni ya wakazi, na karibu hakuna anayethubutu. Birmingham ilivuka kwa kibali maalumu.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni msingi wa kodi yenyewe. Nyumba zimepangwa katika madaraja manane, A hadi H, kwa thamani iliyokadiriwa kuwa nyumba ingeuzwa mwezi Aprili 1991, na makadirio hayo hayajafanywa upya England hadi leo. Mwenye nyumba ya daraja la juu kabisa hulipa mara tatu tu ya mwenye nyumba ya daraja la chini kabisa, hata kama nyumba yake ina thamani mara kumi au zaidi. Sasa chukua miji miwili. Mmoja una nyumba nyingi za daraja A, wapangaji wengi, wazee wengi wasio na akiba. Mwingine una nyumba nyingi za madaraja ya juu na wazee wanaojilipia matunzo. Nyongeza ya asilimia moja katika mji wa kwanza inaleta fedha kidogo kuliko katika mji wa pili, ilhali mahitaji ya wa kwanza ni makubwa zaidi. Ruzuku ya serikali kuu ndiyo iliyokuwa ikisawazisha tofauti hiyo. Kwa hiyo ilipokatwa, maeneo maskini yaliyoitegemea zaidi ndiyo yaliyopoteza zaidi kwa kila mkazi, na kodi ya ndani haiwezi kuziba pengo hilo hata kila mpiga kura akiunga mkono. Anayesema kwamba kila mji ujitegemee anauambia mji wenye wagonjwa wengi ujilipie hospitali kwa mifuko ya wagonjwa wenyewe.

Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2024 iliahidi mgawanyo mpya wa ruzuku kuanzia mwaka wa fedha 2026/27, unaotazama umaskini zaidi na unaotangazwa kwa miaka kadhaa mfululizo badala ya mmoja mmoja. Hilo la miaka kadhaa naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu huwezi kumwajiri mfanyakazi wa vijana kwa mkataba wa miezi kumi na miwili ukategemea kijana aliyevunjwa moyo amwamini. Ninachotaka zaidi ya hapo ni fungu la kinga lililolindwa kisheria, ambalo halmashauri haiwezi kulihamishia kwenye dharura za mwaka huo. Bila hivyo fedha mpya zitamezwa na huduma za lazima kisheria, kama makazi ya muda ya familia zisizo na nyumba na makao ya watoto waliochukuliwa na halmashauri, kama zilivyomezwa zilizotangulia.

Kwa wanajukwaa mnaoishi England, kuna haki ambayo ni wachache wanaoitumia. Kila mwaka, kwa siku 30 za kazi, halmashauri lazima iwaruhusu wenye maslahi kukagua hesabu zake pamoja na mikataba, ankara na risiti zinazohusika, chini ya sheria ya ukaguzi ya mwaka 2014. Aliyeandikishwa kupiga kura katika eneo hilo anaweza pia kumwandikia mkaguzi pingamizi. Tangazo huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri, kwa kawaida kipindi cha kiangazi. Anzeni na mikataba ya makazi ya muda na ya makao ya watoto, mkaiweke kando ya kiasi kilichotumika mwaka huo kwa vituo vya vijana, mtuletee hapa mtakachokikuta.